Shuka la Namba Saba

Padri Kashindye alikuja kuazima shuka jeupe,
"la kuonyeshea sinema ya Noeli, mama, kesho litarudi."
Nikampa la namba saba,
lenye kiraka nilichokishona mwenyewe
baada ya dereva wa lori kuliunguza kwa sigara.

Wakalitundika nje, ukutani mwa parokia, kule Ipuli,
kwa misumari na kamba ya katani.
Jenereta likakohoa, likakubali.
Filamu ilisema lugha yake;
katekista Mihambo akatufasiria kwa kipaza sauti,
naye hufasiri kama anayesoma matangazo ya ndoa.

Mwanamume akagonga. Mlango ukafunguliwa nusu.
Mwenye nyumba: funguo kiunoni,
macho ya mtu aliyekesha.
"Anasema," akatangaza Mihambo, "vyumba vimejaa."
Watoto wakamzomea.
Mimi mkono wangu ulikwenda mfukoni, ukashika funguo.

Maana maneno yale ni yangu.
Miaka kumi na minne nayasema
hapa karibu na stesheni, kwenye dirisha la nondo.
Mwaka juzi treni ya Kigoma iliingia saa tisa usiku,
na binti mmoja, tumbo limemtangulia,
ndoo ya dagaa mkononi,
akauliza kwa sauti ndogo.
Nikamtazama miguu. Matope.
Nikasema, vimejaa.

Namba saba ilikuwa tupu.
Nilikuwa nimemwekea mkaguzi wa reli,
ambaye hakuja.

Nimebatizwa mchanga, nimeimba Noeli arobaini
nikidhani habari huanzia horini.
Kumbe huanzia mlangoni.
Kabla hajalia, kabla hajaviringishwa nguo,
neno la kwanza kulisikia kutoka kwetu,
akiwa bado gizani mwa mama yake,
ni neno la kazi yangu.

Halafu kumbikumbi.
Mvua ilikatika alasiri, wakatoka ardhini kwa maelfu,
wakaifuata taa,
na malaika walipowatokea wachungaji
hatukujua yupi wa mbinguni, yupi wa kukaangwa.
Watoto wakawachota kwa sufuria, wakicheka,
na Mihambo, mdudu mdomoni,
akashindwa kusema "utukufu."
Nyota nayo ikasafiri, ikasafiri,
ikasimama juu ya kiraka changu,
ikapinda kidogo pale uzi ulipojikunja.

Sikulia. Wengine walilia. Mimi nilihesabu vyumba.

Shuka limerudi na mbawa zimenata.
Nimelifua mara mbili;
mbawa tatu zimegoma kutoka, nimeziacha.
Nimelitandika.

Usiku huu treni ya Kigoma imechelewa, kama kawaida yake.
Mkaguzi amepiga simu: awekewe namba saba,
huenda akaja, huenda asije.
Daftari la wageni liko wazi mbele yangu,
wadudu wanagonga balbu,
kalamu ninayo.

Bado sijaandika.