Fomu Namba Tisa

Karatasi za kura zilikuwa hazijafika.
Saa nne asubuhi, foleni imeshatoka nje ya lango la shule,
imezunguka vyoo, imeteremka hadi daraja la Letaba,
na mimi, mwalimu wa hesabu niliyepewa fulana na taa,
sina cha kuhesabu ila watu.

Taa ililetwa na wageni, ndani ya sanduku la bati.
Mwanga wake wa zambarau. Kazi yangu kumulika mikono
nione nani ameshapakwa wino ule usioonekana.
Mikono yote ya asubuhi ile ilikuwa giza.
Sugu ilikuwepo, na makovu ya mkasi wa kuchumia.
Wino, bado.

Waangalizi wetu walikuwa watatu:
Mjamaika aliyepiga miayo kwa adabu,
jaji mstaafu wa Madras, kajikunyata chini ya kofia,
na Tjitske, Mholanzi, mrefu kama mlingoti wa goli.
Askari mmoja wa Kikaburu alimwambia mwenzake
hawa wazoefu wa kungoja, wangojee hata mwakani,
na Tjitske akageuka, shingo nyekundu,
maana alielewa kila neno.
Ni lugha ya bibi yangu, alinieleza baadaye,
ila imevaa buti.

Mme Mokgadi alikuwa wa kumi na saba.
Alifika saa tisa ya usiku, akakalia kreti ya soda.
Jua lilipokaza akatoa chungwa kwenye aproni,
lingali na kijani kitako,
akalimenya ganda lisikatike,
akamnyooshea mgeni nusu.

Kijitabu cha mwangalizi, ukurasa wa sita:
usipokee chochote kutoka kwa mpiga kura.

Lakini si kijitabu kilichomzuia.
Mwambie, alisema Tjitske, sijala chungwa miaka kumi na saba.
Mwambie nilisimama mlangoni mwa duka, kwetu Leeuwarden,
theluji ya majimaji ikiniingia viatuni,
nikiwaambia kina mama wenye vikapu:
msinunue haya, yametoka kule.

Nikatafsiri.
Mme Mokgadi akacheka. Kisha hakucheka.

Kumbe ni wewe.

Mwaka wa themanini na sita yalioza ghalani,
harufu ikatufuata hadi kitandani.
Meneja akatuachisha kazi watu arobaini kwa siku moja.
Pheladi wangu akaacha shule, akaenda kufua nguo za watu.

Hapo nilisita. Jaji alitazama viatu vyake.
Tafsiri, mwalimu, akasema bibi, unalipwa kwa kazi gani?
Nikatafsiri.

Na hili mwambie: wangeniuliza,
ningesema msinunue. Hata moja.
Ningelala njaa hiyohiyo, kwa hiari yangu.
Ila hakuna aliyeniuliza.
Leo ndiyo kwanza naulizwa,
na karatasi ya swali lenyewe haijafika!

Sasa ale. Hili si la shamba lao.
Mti huu niliupanda mwenyewe, nyuma ya choo.

Tjitske alikula amesimama,
mbegu akaziweka kiganjani, hajui pa kuzitema.

Lori lilikuja saa nane, vumbi kwanza, honi baadaye.
Watu hawakukimbia. Walisimama tu, wakajipangusa.
Mme Mokgadi alikaa kwenye kibanda cha kadibodi
muda mrefu hata Mjamaika akatazama saa.
Alipotoka hakwenda zake. Alinijia mlangoni:
Nimulikie, nione.

Vidole vyake viliwaka,
buluu, mpaka kwenye mikunjo ya fundo.
Tjitske naye akaweka mkono wake pembeni.
Haukuwaka. Mkono tu,
na utomvu wa ganda umekauka kuchani.
Akauacha pale kidogo, bila huzuni,
kama mtu anayehakikisha mlango wa jirani umefungwa.

Usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, alijaza fomu namba tisa.
Vitisho: hakuna. Ucheleweshaji: saa saba.
Palipoandikwa Mengineyo
alitafuna kalamu, akaniuliza tahajia ya jina,
akaandika: chungwa, nusu. Nimepokea.