Daftari la Moshi

Nilipewa daftari, kalamu mbili na koti la rangi ya ndimu,
nikaambiwa: Mize, nenda ukahesabu moshi wa mji.
Nikacheka. Mkuu wangu hakucheka.
"Moshi wenyewe haushikiki," akasema. "Hesabu kinachouzaa."

Basi nipo Mwanakwerekwe, pembeni mwa kituo cha mafuta,
tangu saa kumi na mbili na robo,
nachora vijiti vinne, cha tano nakilaza juu ya wenzake:
vespa, vespa, lori la mchanga, basi la skuli,
vespa yenye baba, mama, watoto wawili na mkungu wa ndizi
(nayo kijiti kimoja; fomu haina pa kuandika mkungu).
Ussi wa pampu ananiuliza kama natoza kodi.
Namweleza. Anawaita wenzake:
"Njooni mwone! Watu wamekwisha kuhesabiwa,
sasa serikali inahesabu mashuzi ya gari!"
Wakacheka mpaka petroli ikamwagika.
Nikaiandika na hiyo.

Michenzani, ngazi hazishi, goti linanilaumu.
Bi Sichana anaingiza namba za Tukuza, miwani imeshuka puani,
tarakimu ishirini; akikosea moja anaanza upya na bismillahi.
"Umeme wangu hauna moshi, mwanangu. Njoo unuse."
Nikainama kwenye soketi, nikanusa. Rangi ya ukuta, basi.
Wahenga walituambia pafukapo moshi pana moto;
hawakuwahi kuona moto ukakaa bara
na huku kwetu ukafika upepo wa feni tu,
umepita chini ya bahari kimya kimya, kama siri ya ukoo.
Fomu ina safu yake: kilichochomwa kwengine kwa ajili yetu.
Kalamu ilisimama hapo muda mrefu.
Ni sawa na kula kwa jirani kila siku
kisha ukajisifu jiko lako halina masizi.

Hoteli ya Shangani, meneja kanikaribisha juisi ya ukwaju.
Jenereta? "Ah, mara moja moja tu, umeme ukikatika."
Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi hadi dirisha la ghorofa ya pili.
Mlinzi wao, Mcha, aliningoja nje ya lango,
akachomoa daftari la skuli ndani ya shati.
"Walinisingizia naiba dizeli," akasema.
"Tokea siku hiyo naandika kila lita.
Iliyoingia. Iliyochomwa. Saa ngapi."
Miezi kumi na mmoja, mwandiko wa mtu aliyebana meno,
pengine wino, pengine penseli,
hakuna siku iliyorukwa, hata ya Idi.
Hakujua kuwa anapima hewa.
Alikuwa anapima jina lake.

Jioni, ukurasa wa mwisho: nyumba ya mpimaji mwenyewe.
Mama anapuliza makaa uani, macho mekundu.
Mtungi wa gesi upo, umevishwa kitambaa cha kufuma,
unangoja wageni.
"Huu wangu na ule wa hoteli," ananiuliza,
"kwenye karatasi yako ni moshi mmoja?"
Kilo kwa kilo, mama. Jedwali halina macho.
"Basi mwambie aliyelitunga aje apulize."
Nikamwandika: polo moja na nusu kwa mwezi.
Kisha nikampokea upepeo.

Mkuu alijumlisha wiki mbili nzima,
akapata tarakimu ndefu, akaizungushia duara jekundu.
"Una hakika nayo?"
Nilitazama vidole vyangu. Kucha bado zilikuwa na masizi,
sikujua ya nani.
"Nina hakika na lita za Mcha," nikamwambia.
"Zilizobaki tumezikisia kwa uaminifu."