Mbuzi Yangu, Si Mbuzi Wangu

Mimi ni wa kioo.
Abiria hawanioni; wanaona trei, wanaona mkanda,
wanamwona Barasa anayewaambia wavue viatu.
Mimi huwaona kwa ndani:
rangi ya chungwa ni chakula na vitabu,
buluu ni chuma.

Ndiyo maana najua nani amebeba vitumbua vya bibi yake
na kisu cha kumenyea embe kilicholala chini yao,
najua vinyozi wa Mwembe Tayari husafiri na nyembe
kama wanavyosafiri na majina yao,
bila kukumbuka kwamba wanayo.

Kabla ya saa mbili nilikuwa nimeshachukua
mikasi miwili, kikata kucha chenye kisu cha kukunja,
na bisibisi ya fundi Dzombo wa Mazeras
aliyekuwa akienda Nairobi kuamsha cherehani za kiwanda.
"Hii imenilisha miaka kumi na tisa," akaniambia.
Nikaitia sandukuni. Ikalia kama senti.

Kisha akaja Bi Mwanamkuu wa Kibokoni,
buibui limefifia mabegani, mkoba wa ukili mkononi.
Barasa, mtu wa Bungoma, akauliza:
"Mama, ndani mna nini?"
"Mbuzi."
Foleni nzima ikageuka.
"Mbuzi wako yuko hai?"
"Si wangu, mwanangu. Ni yangu."

Hapo ndipo bara na pwani hupotezana,
kwenye kijineno kimoja:
mbuzi wangu hula nyasi,
mbuzi yangu hula nazi.
Barasa akauinua mkoba kwa vidole viwili,
sikio kalitega.

Mimi nilikuwa nimeshaiona kiooni:
miguu imekunjwa, mmoja juu ya mwingine,
na ule ulimi wa buluu wenye meno
umelala kati ya kanga na kopo la samli.
Kwetu Likoni ipo kama hiyo.
Niliikalia kabla sijajua kusoma;
kidole hiki bado kina alama yake.

Nikasimamisha mkanda.
Sheria haijui tui.
Sheria inajua urefu wa makali.

"Binti yangu amejifungua, Eldoret," akasema.
"Wanampikia kwa tui la kopo.
La kopo, mwanangu! Ladha yake msumari."
Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi.
Aliuliza tu kama nina bisibisi.

Nikatazama sandukuni.
Ya Dzombo ilikuwa juu kabisa.

Basi mimi, mlinzi wa anga, nikapiga magoti
kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki,
nikahangaika na parafujo mbili zilizoshika kutu
ya chumvi, na mafuta ya nazi za miaka mingapi sijui,
ndege yake ikiitwa mara ya pili,
Barasa amekamata miguu
kama siku ya Idi.
Ulimi ulipotoka, mtu mmoja nyuma akasema "Bismillahi,"
watu wakacheka. Hata yeye akacheka.

Akapita na kibao chake kisicho na kichwa.
Halafu akarudi hatua mbili:
"Niwekee. Narudi mfungo sita."
Nikasema, "Haya, bibi."

Sanduku humwagwa kila Ijumaa.
Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Jioni nikafungua daftari:
Mikasi, miwili. Kikata kucha, kimoja.
Bisibisi, moja. (Imetumika.)
Mstari wa mwisho ukanishinda. Nikaandika, nikakata,
nikaandika tena:
Mbuzi, nusu.

Barasa akasoma juu ya bega langu.
Alikaa kimya kitambo, funguo za sanduku mkononi,
kisha akauliza, taratibu,
kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ngeni:
"Wake, au yake?"