King'ong'o

Waliniletea kwa baiskeli, imefungwa kwa mpira wa tairi,
kompyuta ya chama cha wafuga nyuki wa Ipole,
kioo chake kijani kama maji ya lambo,
na bahasha ya kaki yenye diski tisa
pana kama viganja, laini,
zinanuka nta.
Katibu, Bwana Kasanda Mihambo, hakukaa.
"Majina yamo humo, na kilo, na madeni.
Benki wanayataka kwenye mashine ya siku hizi.
Ijumaa."
Ilikuwa Jumanne.

Kibanda changu kipo Isevya, ukuta mmoja na mashine ya kusaga.
Wakisaga, taa yangu hupungua
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Nina mashine ya kati, chakavu, ya midomo miwili:
mmoja wa diski pana, mmoja wa zile ndogo ngumu.
Nikailisha diski ya kwanza.
Ikakohoa, ikazungusha, ikauliza:
Hii siitambui. Niifute?
Ndivyo alivyo mwenye nguvu,
asichokijua hufikiria kwanza kukifuta.
Nikabonyeza Hapana. Nikabonyeza tena,
kama anayefunga mlango kisha akausukuma.

"Lila na fila," akasema mke wa msagaji, anachungulia.
Nikamwambia hawa hawajagombana,
hawajawahi tu kukutana.

Usiku nikaandika kijiprogramu, mistari arobaini,
cha kuifundisha ya kijani kupanga herufi
kwa mpango ambao ya kati inausoma.
Nikakiweka kwenye diski kuukuu, nikakivusha.
Ya kijani ikasikia sauti mbili kwa mpigo.
Nilisahau: kichwa cha ya kati ni chembamba,
huchora kijia cha baiskeli katikati ya barabara ya lori,
na kichwa cha kijani, kipana, hupita juu ya vyote,
kijia kipya na matope ya zamani pembeni,
kisha kinasema hakuna kitu.
Ilitakiwa diski isiyowahi kuandikwa lolote.

Wapi, Tabora, mwaka huu?
Stesheni. Kwa Nyamizi wa stoo ya reli:
chini ya filimbi zilizopasuka na bendera nyekundu
zilizogeuka rangi ya fizi,
boksi moja, nailoni haijatobolewa.
"Chukua mbili. Saini hapa."
Nikaandika: diski mbili, kwa ajili ya nyuki.

Alhamisi usiku vikavuka.
Kijani hadi kati, kati hadi diski ndogo,
kama mgonjwa anayebadilishiwa machela.
Majina mia mbili na kumi na mawili yakasimama kiooni,
na kila penye ng' pakawa pameota kijipembe
kisichotamkika.
Ile alama juu, punje ya ulezi,
mashine moja iliipa namba hii, nyingine ile,
wala hazikukaa kikao.

Ningeweza kubadilisha zote kwa mkupuo.
Nilirudisha moja moja, natamka kwa king'ong'o,
peke yangu, saa nane usiku,
ng', ng', ng',
mpaka msagaji akagonga ukuta
akidhani nimeingiliwa na nyuki.

La mia na arobaini:
Ng'wanashija Luhende, mizinga kumi na minne,
kilo sitini na tatu, hajalipwa.
Huyo ni mama.
Hakuwahi kutuambia. Mwaka ule tulikula ugali kwa mlenda
mpaka mlenda ukatuchoka.
Nikamrudishia punje yake, kama wengine.
Sikumwongezea sifuri.
Nakiri kidole kilikuwa juu yake.

Ijumaa Bwana Kasanda akatia diski ndogo mfuko wa shati.
Ya kijani akasema nitupe.
Ipo hapa, juu ya kreti ya soda.
Diski ya pili bado nzima, nitamrudishia Nyamizi
nikipita stesheni.
Wakisaga, kioo kinatetemeka kidogo
na nta inanuka.