Pale Inaporuka

Feni yangu imepasuliwa tumbo mezani kwa Faki,
fundi wa redio, nyuma ya soko la Wete,
nami nimekalia kreti la soda, nasubiri.

Ndipo ikaanza.
Kwanza ngoma, ile ya kupigwa kwa brashi,
kama mtu anayefagia ua alfajiri
asitake kuwaamsha wageni;
kisha tarumbeta lile la shaba lenye shingo ya bata.
Saksafoni, baba alikuwa akitusahihisha,
sak-sa-fo-ni, enyi watoto wa Limbani msiofundishika.

Jazi. Jina lake hatukulijua.
Karatasi ya katikati ya santuri ililiwa na mende,
zikabaki herufi mbili na nusu ya nyota.
Baba aliipata kwa baharia wa meli ya mizigo
kwa pishi mbili za mbaazi na jogoo,
na jogoo alikuwa wa mama.

Basi kila mtu akaipa jina lake.
Dada Raya: Mtu Anarudi Nyumbani.
Mbarouk, aliyekuwa hashibi: Sahani ya Pili.
Mama: Deni.
Mimi sikuipa jina. Nilikuwa mdogo,
nikidhani ndiyo sauti inayotolewa na kandili.

Msimu wa karafuu
tulikaa kitako jamvini, tunachambua,
konyo huku, karafuu huku,
vidole vimeingia weusi usiojua sabuni.
Baba akirudi kituoni, mizani bado imo machoni
(alikuwa akikutazama unajihisi una kilo kadhaa),
hunawa, hufunga kikoi,
hushusha sindano kama anayemlaza mtoto.

Na pale kati,
saksafoni inapoanza kupanda ngazi,
santuri huruka.
Ufa mwembamba tu, kazi ya Mbarouk na kijiko.
Tak!
Lahani imeshafika juu,
imetuacha na mguu hewani.
Tukazoea. Vichwa vyote vikaruka pamoja,
hata mama, ambaye harusini kwake hakucheza,
bega lake lilijua.

Alipokufa bibi, santuri ikafunikwa kanga.
Ilipopita arubaini, mama mwenyewe akasema:
"Shaame, liweke hilo deni lako."
Hatukulia mwanzo, hatukulia mwisho.
Tulilia pale inaporuka,
sote, kwa mara moja,
kisha Mbarouk akacheka kwa aibu
na chai ikamiminwa.

Leo kwa Faki inakaribia ngazi.
Bega langu limeshajiweka tayari,
bega la mtu mzima, lenye mvi zake kifuani.

Haikuruka.

Ikapanda kidato kwa kidato,
vidato vinne nisivyowahi kuvisikia,
kama kuambiwa uzeeni
kwamba nyumba uliyozaliwa ina chumba kimoja zaidi.
Na baba alikijua chumba hicho.
Aliingia humo kabla ya kijiko.
Hakumpiga Mbarouk. Hakutusimulia.
Jioni zote zile alikaa nasi upande wa huku,
akaruka tuliporuka.

"Faki, hii inaitwaje?"
"Sijui. Nimeikuta kwenye fleshi."

Nikampigia Raya, Unguja, Mwanakwerekwe,
nikaielekeza simu kwenye spika.
Nikasikia masufuria yake yananyamaza.
Kwenye ngazi akasema "tak,"
peke yake,
akabaki hapo.
"Mbona imepita?"
"Imepona," nikamwambia.
"Nani kawaambia inaumwa?"

Kisha: "Rudisha. Rudisha mwanzo, nimsogezee mama."

Mama, ambaye tangu mfungo wa Ramadhani
anamwita Raya "bibi wewe,"
anayekataa uji, anayeuliza hodi mlangoni pake.
Brashi zikafagia ua.
Saksafoni ikapanda, yote, bila kupunguza.
Upande wa pili hapana neno, ila pumzi,
na pumzi ile, nilipoihesabu,
ilikatika mahali pake.

"Alikuwa mwekundu," mama akasema.
"Jogoo wangu. Na mkia mweusi."

Faki ameshika bisibisi, ananitazama.
Anauliza kama feni aifunge.