Bawa la Kushoto

Desemba kwetu ni kiangazi,
lakini usiku wa bonde la Chubut haujali kalenda:
uliyabana mabati mpaka yakatoa jasho.
Asubuhi nilikinga kikombe chini ya bawa la kulia,
mafuta yakashuka ya samawati, safi.
La kushoto sikulikinga.
Kahawa ilikuwa inapoa,
nami nikajiambia, matangi ni ndugu,
ukimjua mmoja umewajua wote.

Eluned alipakia makasha sita ya cheri.
La mwisho akalifunga mkanda wa abiria
kama mtoto anayepelekwa kwa bibi yake.
Akanipungia. Magurudumu yakaachana na changarawe.

Nilikuwa nahesabu, mazoea tu ya fundi:
usawa wa uzio,
usawa wa paa la ghala,
usawa wa mipopla,
hapo injini ikakohoa.
Ikajisafisha koo.
Ikakohoa tena, na propela nikaiona,
nikaziona pande zake mbili, moja moja,
kitu ambacho mtu hapaswi kukiona angani.

Mbwa wa Evaristo aliacha kubweka.

Usigeuke, nilisema. Kumwambia nani?
Usigeuke, Eluned, uwanja ulio nyuma si wako tena.
Wangapi wameuawa na shingo zao wenyewe
kwa kutazama walikotoka!
Akainamisha pua. Mungu ampe umri, akainamisha pua,
akanunua mwendo kwa kimo kidogo alichobaki nacho,
akauruka mfereji, gurudumu likachovya maji,
akaingia kwenye alfalfa
kama kisu butu kwenye mkate.

Nilikimbia na kiatu kimoja.
Kioo kilikuwa chekundu chote, kutoka ndani.
Magoti yakanikana.
Halafu mlango ukapigwa teke,
akatoka, nywele zimejaa vikonyo,
anatema kokwa.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.
Alichomoa kikombe mfukoni mwangu,
akakikinga chini ya bawa la kushoto, lililopinda,
akakiinua juani: samawati juu,
na chini yake kidole kizima cha maji, maangavu,
yametulia kama mgeni aliyewahi kufika
akachagua kiti.
"Maji ndiyo mazito," alisema. "Hukaa chini yakakungoja."

Kisha akaokota cheri moja kwenye majani,
akaipangusa kwa shati, akanipa.
Nikala.
Nikameza na kokwa.