Baraza la Chokaa

Watatu walinitangulia kwa Bi Sabiha, Mtemani.
Wa kwanza alikuja na futi ya chuma na kikokotoo,
akapima ua kama anayepima sanda,
haraka, bila salamu ya pili.
Wa pili, kutoka Chake, alikuwa na kitabu cha picha zinazong'aa:
nyasi kama zulia, mwavuli mwekundu,
wazungu wawili wanaichekea glasi ya maji ya machungwa.
Wa tatu alitaja bei tu. Bei ilikuwa ndogo.
Mwanawe aliye Maskati, ndiye mwenye pesa,
akasema kwenye simu: mama, mchukue huyo.

Mimi nilifika saa tatu asubuhi, mkono mtupu,
nikaomba maji, kisha nikaomba ruhusa ya kukaa.
"Kukaa tu?"
"Kukaa tu, bibi."
Nikamwona akihamisha kiti.
Saa tatu kiko ukutani, kwenye kivuli cha paa.
Saa nne kivuli kimekunywewa, akakivuta hadi mlangilangi.
Saa tano jua likamfuata hata huko, akakivuta tena,
miguu ya kiti ikichora mistari miwili ardhini,
mipya juu ya ile ya jana na ya juzi,
ramani ya miaka kumi na mmoja, tangu afiwe na mumewe,
na mafundi watatu wameikanyaga.

Nikauliza madoa yale ya kahawia katikati ya ua.
"Ya majamvi. Msimu ukija, karafuu zalala hapo.
Yule wa Chake ataka kunipandia nyasi!
Nikamuuliza: karafuu nizianike kichwani mwako?"

Kesho yake nikaja na kamba, vigingi,
kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari,
na chokaa kilo tatu. Ndiyo ofisi yangu yote.
Nikachora pale pale chini, kwa ukubwa wake wa kweli:
baraza linaanzia mlango wa jiko, linapinda penye mlangilangi,
limeinuka kidogo, maana goti lake la kushoto
halipatani na vitu vya chini;
hapa pa kutua birika; hapa pa majirani
wanaokuja kuchambua, karafuu huku, makonyo kule.
Katikati sikuchora kitu.

"Hapo umesahau."
"Hapo ni pa majamvi."

Akanyamaza. Akavua ndara.
Akaingia kwenye mchoro kwa mguu wa kulia,
akalifuata baraza zima kwa nyayo, taratibu,
akazunguka pembe ambayo haipo
badala ya kuikata.
Kisha: "Sogeza huku. Bi Kazija mnene, hatoshi hapo."
Nikafuta kwa kisigino, nikanyunyiza upya.
Mara ya pili hakuniambia. Alifuta mwenyewe.

Sikutaja bei. Ulimi uliniwasha,
deni la saruji kwa Shaame lilikuwa limeshaota ndevu,
lakini nikasema tu: nitarudi Jumamosi.

Usiku wa Alkhamisi mvua ya vuli ikashuka Wete
bila kupiga hodi.
Nikalala nikihesabu:
chokaa kilo tatu, siku mbili za kazi,
vyote vinateremka mtaroni, vyeupe kama maziwa.

Alfajiri simu. Hata salamu hakunipa.
"Fundi, njoo. Mvua imenibomolea baraza langu."

Nilimkuta uani, kanga begani, simu sikioni,
mwanawe ndani yake akiuliza
huyu wa ghali ana nini, na yule wa bei ndogo je?
"Yule," akasema, "hajui ninapokaa."
Akanipa simu nitaje bei yangu mwenyewe.
Nikaitaja. Maskati kukawa kimya kidogo,
halafu kukasikika pumzi, halafu: haya.

Nikakusanya vigingi vilivyolala kwenye tope.
Kopo lilikuwa limejaa maji.
Nikalimwaga shinani mwa mlangilangi
nikashika njia ya dukani kwa Shaame
kukopa chokaa nyingine.